Yusuf Asiye na Ikulu: Kusoma "Peponi" Tukiwa Bulembia

Kama umekaa kambini au mjini kama mkimbizi hata mwezi mmoja tu, hadithi ya Yusuf umeshaisikia. Mchungaji anaihubiri Jumapili, shekhe anaieleza Ijumaa, na mama anayeuza mandazi anakupa bure bila hata kuombwa. Kijana anatupwa shimoni na ndugu zake, anauzwa, anafungwa kwa kosa ambalo hakulitenda, kisha siku moja anatolewa gerezani na kukabidhiwa ghala zote za Misri. Kutoka shimoni hadi ikulu. Ndiyo hadithi tunayopewa kila tunapouliza maisha yetu yanaelekea wapi. Vumilia, mwanangu, ikulu inakuja.

Abdulrazak Gurnah aliandika hadithi hiyohiyo na akaiondoa ikulu. Riwaya yake "Paradise" ilitoka mwaka 1994 kwa Kiingereza, na mwaka 2022 tukaipata kwa Kiswahili kwa jina la "Peponi", kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Katikati ya miaka hiyo, 2021, mwandishi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Wengi wetu tulisikia habari hiyo redioni kwa sababu moja kubwa: mzaliwa wa Zanzibar, aliyeondoka kwao akiwa na miaka kumi na minane hivi baada ya mapinduzi ya 1964 na mateso yaliyofuata, akaenda Uingereza kama mkimbizi. Mtu wetu, tukasema. Lakini kumsifu mtu ni kazi rahisi, kumsoma ndiyo kazi. Kikundi chetu cha kusoma hapa Bulembia tulikuwa na nakala moja kwa watu tisa, kwa hiyo tuliisoma kwa sauti, mmoja anasoma na wengine wanasikiliza. Ilituchukua wiki nyingi. Ninachoandika hapa ni hoja yangu, ila mabishano ni ya wote.

Kwa wasioisoma, kisa ni hiki. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili katika mji mdogo uitwao Kawa, bara ya Tanganyika, wakati Wajerumani wanaingia na kuweka reli. Baba yake ana hoteli ndogo ambayo haiendi. Mara kwa mara anafika tajiri mmoja, Ami Aziz, mwenye manukato na upole, na kila akiondoka humwachia mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri na ami yake. Anapanda treni akidhani ni matembezi. Anafika pwani, anawekwa dukani, na kijana mwingine aitwaye Khalil anamfumbua macho: huyu si ami yako, mwite seyyid. Baba yako ana deni kwake. Wewe uko hapa kwa ajili ya deni hilo.

Kiswahili kina neno lake: rehani. Yusuf amewekwa rehani kama watu wanavyoweka baiskeli au simu, isipokuwa baiskeli haiambiwi kwamba inakwenda matembezi.

Tulipofika hapo, dada mmoja wa kutoka upande wa Beni alifunga mikono kifuani akasema, "Bote banajua, yeye tu ndiye hajue." Wote wanajua, yeye tu ndiye hajui. Kwangu mimi, sentensi hiyo ni uchambuzi wa kitabu kizima, na ningependa kuifuata hadi mwisho wake.

Siku hizi kijana mkimbizi anaalikwa sana kwenye semina. Stadi za maisha, ujasiriamali, afya ya akili. Nimehudhuria kadhaa, sitazitaja kwa jina. Katika nyingi ya hizo kuna saa moja ya kufundishwa kwamba kesho haijulikani na kwamba kijana mwenye afya huipokea hali hiyo kwa mikono miwili. Usipigane nayo. Ikumbatie. Anayefundisha kwa kawaida ni mtu mwema, na analosema si uongo. Kijana yeyote duniani, hata yule wa Kampala mwenye shahada, hajui atakuwa wapi baada ya miaka kumi. Ukingoja kila kitu kiwe wazi ndipo uanze kuishi, utazeeka ukiwa bado kwenye foleni.

Lakini "Peponi" inauliza swali ambalo semina hailiulizi. Haijulikani na nani?

Angalia jinsi Gurnah anavyoijenga hadithi yake. Karibu kila jambo ambalo Yusuf halijui, kuna mtu anayelijua. Baba anajua kuhusu deni. Mama anajua. Ami Aziz anajua zaidi ya wote, naye haulizwi. Khalil anajua kwa sababu yeye mwenyewe aliletwa vilevile. Hata safari kubwa ya kwenda bara, ng'ambo ya ziwa, inapangwa na watu waliokwisha kuhesabu faida na hasara kabla kijana hajaambiwa afunge mzigo. Huko anafika kwa sultani Chatu, ambaye aliwahi kudhulumiwa na mfanyabiashara mwingine na sasa analipiza kwa msafara huu. Chatu anashika mali, na anamshika Yusuf awe dhamana. Kijana anawekwa rehani mara ya pili, safari hii kwa ugomvi ulioanza kabla yeye hajafika.

Kwa hiyo giza analoishi Yusuf halitoki mbinguni. Linatengenezwa na watu wazima wanaonyamaza. Mwandishi haandiki popote kwamba haya ni makosa. Anatuacha tu tukae ndani ya kichwa cha kijana, tusijue zaidi yake, mpaka sisi wasomaji nasi tunakereka. Huo ndio ufundi wake, na unauma hasa kwa msomaji anayeyajua maisha hayo.

Sisi tunayajua. Faili liko mezani kwa mtu. Jina liko kwenye orodha au haliko, na yupo aliyeandika orodha. Julai 2023 chakula kwenye makazi ya wakimbizi Uganda kilianza kugawiwa kwa kategoria, na kategoria ya tatu, ya wale wanaohesabiwa kuwa wanaweza kujitegemea, ikakatwa. Mwaka 2025 WFP ikapunguza tena, watu wapatao milioni moja wakaondolewa. Januari mwaka huohuo Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wameshapewa siku ya ndege wakarudi kutafuta nyumba ambazo walikuwa wameshaziuza. Hayo yote kwetu yalifika kama mvua, ghafla, bila sababu. Lakini hayakuwa mvua. Palikuwa na mkutano, palikuwa na karatasi, palikuwa na sahihi.

Ndiyo maana nasema kuna kutojua kwa aina mbili, na kuzichanganya ni hatari. Kuna kutojua kwa mlima, na kuna kutojua kwa faili.

Kutojua kwa mlima nimefundishwa na Bulembia yenyewe. Hapa Kilembe, wazee wa Kikonzo watakuonyesha nyumba za kampuni zilizopangwa safu kwa safu kandokando ya mto Nyamwamba. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya mlima huu. Kijana aliyepata kazi mgodini wakati huo alijua kesho yake barabara: mshahara, nyumba, hospitali, shule ya watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shaba ikaacha kutoka. Mwekezaji wa Kichina aliingia mwaka 2013 na mkataba ukavunjwa baada ya miaka michache. Reli leo haina treni. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika na kuingia hospitalini, na Mei 2020 ukarudi kwa nguvu zaidi. Wenyeji waliopoteza nyumba wakapelekwa kambini Muhokya. Wenyeji, si sisi! Majirani zangu walikuwa wakimbizi wa maji kwenye wilaya yao wenyewe.

Tulipokuwa tunasoma sura za mwanzo za "Peponi", mzee mmoja jirani alikuwa akipita, akasimama mlangoni kusikiliza. Gurnah anaeleza kwamba mji wa Kawa ulichangamka Wajerumani walipoufanya kituo cha kujengea reli, kisha reli ikasonga mbele na mji ukabaki, treni zikisimama tu kuchukua kuni na maji. Mzee akacheka, akasema, "Huyo aliandika Kasese." Aliposikia mwandishi ni mtu wa Zanzibar hakuamini.

Kutojua kwa namna hiyo hakuna mwenye ufunguo. Bei ya shaba duniani, mvua ya Rwenzori, ugonjwa, mapenzi, kipaji ulichonacho ambacho bado hujakigundua. Hapo nakubaliana na semina mia kwa mia: pokea, panda mahindi yako, jifunze kushona, oa au usioe, endelea. Ukimdai mtu majibu juu ya mto unajisumbua.

Kutojua kwa faili ni kitu kingine. Kunakumbatiwa na mpumbavu au na mtu asiye na njia nyingine. Dawa yake ni kuuliza.

Hapa ndipo kikundi chetu kiligawanyika, na nitasema wazi nilisimama wapi. Ubishi ulikuwa juu ya Mzee Hamdani. Huyu ni mtumwa mzee anayetunza bustani ya Ami Aziz, bustani yenye maji na miti ya matunda ambayo ndiyo pepo ya kitabu hiki, au mfano wake. Aliwahi kupewa uhuru na akaukataa. Hoja yake ni kwamba aliyedai kumpa uhuru hakuwa na uhuru huo mkononi hata aweze kuugawa. Anaswali, anamwagilia miti, anaimba. Wakubwa katika kikundi walimpenda sana. Huyo ndiye aliyefika, wakasema. Hana hofu ya kesho, roho yake haifungwi na mtu. Kijana mmoja wa miaka ishirini alipinga: "Sawa, Mzee. Lakini bustani ni ya nani?"

Mimi niko upande wa kijana, kwa heshima zote za wakubwa. Utulivu wa Mzee Hamdani ni mzuri kwa Mzee Hamdani, na hakuna anayeruhusiwa kumnyang'anya. Ubaya unaanza pale mwenye bustani anapoanza kuusifu. Anayenufaika na kutojua kwako akikuambia kutojua ni hekima, hesabu vidole vyako. Na nadhani Gurnah mwenyewe analijua hili, maana anamfanya Yusuf ampende mzee na aipende bustani, kisha hamruhusu akae humo.

Sasa tufike mwisho wa kitabu, na asiyetaka kuambiwa aruke aya hii. Askari wa Wajerumani wanapita wakikamata wanaume kuwa wapagazi wa vita. Yusuf na Khalil wanajificha. Askari wanaondoka, hatari imepita, kijana yuko salama nyuma ya ukuta wa tajiri. Kisha anaona mbwa wakila uchafu walioacha wale watu, na kuna kitu anakitambua pale. Anakimbia kuufuata msafara wa askari. Hadithi inakatika hapo. Hakuna ghala za Misri, hakuna ndugu wanaokuja kuomba msamaha, hakuna baba anayemkumbatia mwanawe.

"Huyu ni mujinga," alisema yule dada wa Beni. Mwingine akamjibu, "Ulitaka afanye nini, yaya?" Tulikaa hapo jioni nzima. Wapo walioona kwamba mwishowe Yusuf amechagua mwenyewe, kwa mara ya kwanza, na kwamba amejitupa kwenye yasiyojulikana kama mwanaume. Siamini hivyo. Naona anakimbia jambo analolijua kupita kiasi: kwamba akibaki atakula kinachoachwa na wengine mpaka azeeke. Anachokikimbilia si bora. Sisi wasomaji tunajua vita hiyo ni ipi, ni ile ya 1914, na tunajua wapagazi wangapi hawakurudi. Yeye hajui. Hata katika tendo lake la kwanza la hiari, bado kuna watu wanaojua zaidi yake, na safari hii watu hao ni sisi.

Mtu yeyote aliyemwona kijana wa Bwera au Kasindi akiondoka usiku kumfuata mtu mwenye ahadi, iwe ya dhahabu, ya Arabuni, au ya msituni kwenye bunduki, amemwona Yusuf. Kijana anayeahidiwa lolote na mtu yeyote atamfuata, kama hapa alipo hakuna anayemwambia kitu. Mnaofanya kazi na vijana someni ukurasa huo wa mwisho mara mbili. Kinachomsukuma kijana kwenye msafara mara nyingi ni ukimya wa nyumbani kuliko ahadi ya nje.

Nisieleweke kwamba najua ya kufanya na msituni. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, kwenye shule ya Mpondwe Lhubiriha, waasi wa ADF waliua watu zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi, wengine walikuwa wamelala bwenini. Jambo kama hilo halikumbatiwi na halina somo. Nalitaja kwa sababu vijana wa Bwera tuliosoma nao walilitaja wenyewe, na kitabu kilichosomwa mahali hapa bila kutaja usiku huo kingekuwa kimesomwa nusu.

Nina lawama moja kwa riwaya, na ni kubwa. Amina, yule binti aliyeletwa nyumbani kwa tajiri pamoja na Khalil, naye ni malipo ya deni. Yeye aliolewa na mwenye deni. Yusuf anampenda, anaota kutoroka naye. Halafu Yusuf anakimbia, na Amina anabaki. Kitabu kinamwonea huruma, kinampa maneno makali ya kuieleza hali yake, lakini hakimpi mlango. Mwanaume anapata barabara, hata kama ni barabara mbaya. Mwanamke anapata ukuta. Unaweza kusema ndivyo dunia ilivyokuwa, na ni kweli. Hata hivyo wasichana katika kikundi chetu walifunga kitabu wakiwa na hasira, na hasira yao imenifundisha kitu ambacho nisingekiona peke yangu.

Kwa msichana wengi wetu tunaowajua, tatizo la kesho si giza. Kesho yake inajulikana sana. Akiwa na miaka kumi na sita kuna mtu ameshakuja kuongea na baba, idadi ya mbuzi inajulikana, jiko atakalopikia linajulikana. Kwake yeye kusema "sijui nitakuwa nani" ni ushindi. Ni dirisha. Kwa hiyo wale wa semina wakimwambia akumbatie kutojua, huenda kwake hilo ni neno la ukombozi, wakati kwa kaka yake aliye kategoria ya tatu ni neno la kumnyamazisha. Ushauri mmoja, chumba kimoja, watu wawili tofauti kabisa. Gurnah angekuwa amempa Amina kurasa ishirini tu za peke yake, riwaya ingesema hili yenyewe.

Kuhusu lugha niseme kifupi. Kuna faida kubwa kuisoma hadithi hii kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ambayo Ami Aziz na Khalil wangeongea kweli, na maneno kama seyyid na mnyapara yanakaa nyumbani kwao. Kwa sisi wa Kongo Kiswahili hiki ni cha pwani sana, kuna maneno tuliyoyauliza kwa watu wa Tanzania, lakini hakikutushinda. Anayeweza kusoma gazeti anaweza kusoma "Peponi". Isomeni kwa sauti, ndivyo inavyokolea.

Narudi kwa wafanyakazi wa mashirika, maana najua mnasoma kijarida hiki, na wengine mmekuwa watu wetu. Ninyi pia mwaka 2025 mlijifunza. Mikataba ilikatwa, ofisi zikafungwa, gari zikapungua barabarani. Niliwaona baadhi yenu mkiuliza maswali yaleyale tunayouliza sisi: nani ameamua, lini, na kwa nini hatukuambiwa? Hakuna kati yenu niliyemsikia akisema amekumbatia. Mlikuwa na haki ya kuuliza. Nasi tunaiomba hiyohiyo.

Siombi ikulu. Sidhani kijana wa leo Bulembia, Rwamwanja au Kyaka II anadanganyika tena na ikulu; tumekuwa wakubwa. Naomba tofauti iwekwe wazi kila tunapozungumza juu ya kesho. Kama jambo halijulikani na mtu yeyote, semeni halijulikani, na tutakaa nalo pamoja kama majirani wanaosikiliza mto usiku wa mvua. Kama linajulikana, hata nusu, hata kama ni baya, tuambieni hiyo nusu. Faili likifungwa, tujue limefungwa, ili mtu aanze kupanda badala ya kungoja.

Na kwako kijana mwenzangu: soma kitabu hiki, ubishane nacho. Kisha chukua daftari, andika mambo yote usiyoyajua juu ya maisha yako, na mbele ya kila jambo andika jina la mtu anayelijua. Penye jina, nenda kaulize. Pasipo na jina, hapo ndipo pako, anza kazi.